Fundi wa Miwani na Pointi ya Mwisho

Uwanja wa frisbi hauna kipenga. Mgeni anayekuja kutazama kwa mara ya kwanza huhangaika akimtafuta refa kwa macho, kisha humgeukia jirani yake, naye humwambia asijisumbue: refa hayupo, na wala hajachelewa. Wachezaji wenyewe ndio wanaoamua. Aliyecheza rafu anasema nimecheza rafu. Aliyekanyaga mstari anasema nimekanyaga. Watu wazima, wana jasho na hasira, wanasimama katikati ya uwanja wanaulizana kilichotokea, na wakishakubaliana mchezo unaendelea.

Siku ya fainali ya kanda, mwishoni kabisa mwa mchezo, swali hilo aliulizwa mwanamke mmoja tu. Jibu lake ndilo lililoamua nani aende kwenye mashindano ya dunia, na ndilo lililomfanya mdogo wake asimsemeshe kwa wiki kadhaa.

Mwanamke huyo anakata lenzi za miwani. Duka la daktari wa macho liko mbele, lina vioo na viti vya kungojea. Yeye yuko nyuma ya pazia, katika chumba chenye dirisha moja, sinki, taa yenye shingo ya kukunja, na mashine ya kusagia inayotiririsha maji muda wote inapozunguka. Lenzi humfikia ikiwa duara. Anaitia doa la wino mahali mboni ya mteja itakapokuwa, anaifunga mashineni, anaisaga polepole hadi ifuate umbo la fremu, kisha anapitisha ncha ya kidole ukingoni. Ikikwaruza, inarudi kwenye mashine. Dukani wanamwita Fundi, na jina hilo limemfuata hadi uwanjani. Yeye mwenyewe havai miwani. Utani juu ya jambo hilo umeshachakaa, lakini kila mwezi yupo mtu anayeuanza upya.

Frisbi aliikuta njiani. Alikuwa bado anajifunza kazi, akirudi nyumbani kwa miguu kupitia uwanja wa chuo, akawaona vijana saba wakirushiana kisahani kimoja cha plastiki. Mmoja wao alikuwa fundi bomba, kijana mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake, aliyefundishwa mchezo huo na mwalimu wa kujitolea kutoka ng'ambo. Mwalimu alirudi kwao, kisahani kikabaki. Fundi bomba alipanga pembe za uwanja kwa vipande vya mabomba na akapungukiwa na mtu wa nane.

"Dada, unajua kukimbia?" alimpigia kelele.

"Nakimbia nini?"

"Hiki hapa."

"Nikikidaka napata nini?"

"Unakirusha tena."

Alicheka, akaweka mkoba chini. Tangu siku hiyo fundi bomba anaitwa Kocha, ingawa hakuna aliyempa cheo hicho, na mabomba bado anayatumia.

Mchezo wenyewe haukuanzia mbali sana na hali ile. Waliouanzisha, mwishoni mwa miaka ya sitini, walikuwa wanafunzi wa sekondari waliocheza kwenye eneo la kuegesha magari la shule yao. Leo vyama vya nchi takriban mia vimejiunga na shirikisho la dunia, na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki imelitambua shirikisho hilo. Uwanja wa mabomba nao ulikua kwa mwendo wake. Watu wanane wakawa timu mbili, timu mbili zikawa ligi ya mji, ligi ikazaa chama cha taifa chenye katibu na mhuri. Wakaanza kuzuru nchi jirani kwa basi, jezi zimeanikwa madirishani zikauke. Na kila walikokwenda walikuta jambo lilelile: watu wasiofahamiana, wa lugha tofauti, wakiamuana wenyewe bila kipenga.

Mdogo wake alikulia humo. Ni kitindamimba. Baba yao alifariki mtoto akiwa hajaanza shule, na mama, aliyekuwa mpishi wa hospitali, alikuwa anaingia jikoni kabla jua halijatoka. Fundi alikuwa anamchukua mtoto uwanjani ili awe anamwona. Mtoto alikaa kando akiokota visahani vilivyotoka nje, na siku moja akaanza kuvirudisha kwa kukimbia navyo mwenyewe, kwa kuwa kurusha kulimchelewesha. Ndipo Kocha akambatiza jina: Chapu. Sasa ana miaka ishirini na mitatu, anapaka rangi nyumba za watu, na hakuna kwenye kanda nzima anayemfikia kwa mbio. Mwaka juzi kocha wa klabu moja kubwa ya ng'ambo alikuja kuendesha mafunzo. Alimtazama Chapu mchana kutwa, halafu akamwambia kwa maneno machache: njoo kwenye mashindano ya dunia, nikuone ukicheza na wakubwa, hapo tutazungumza.

Usiku huo huo Chapu alimwambia dada yake, na dada yake akamjibu neno ambalo baadaye alitamani kulimeza.

"Nitakufikisha."

"Kweli, dada?"

"Nimeshasema."

Mama yao, aliyekuwa anachambua mboga, hakuinua uso. "Mtu mzima na akili zake," alisema, "anaahidi kumpandisha mwenzake ndege kwa kukimbiza mfuniko wa ndoo."

Mwaka uliofuata walikaribia. Fainali ya kanda ilichezwa ugenini, na walikuwa wamelingana pointi na wenyeji wao. Mchezaji mmoja wa wenyeji alidaka kisahani pembezoni kabisa mwa eneo la kufungia, ambamo anayedaka hupata pointi, na Chapu akasema mguu wake ulikuwa umekanyaga mstari. Kanuni iko wazi: anayebishiwa na anayebisha wasipoelewana, anaulizwa aliyekuwa na nafasi nzuri zaidi ya kuona, awe wa timu yoyote. Asipopatikana wa kulimaliza, kisahani kinarudi kwa aliyekirusha na mchezo unaanzia pale, kama kwamba hakikurushwa. Aliyekuwa na nafasi nzuri alikuwa nahodha wa wenyeji, mwanamke mrefu anayeendesha gari la wagonjwa. Alisimama mkabala na mstari. Wakamuuliza.

"Sikuona," alisema.

Kisahani kikarudi, kikarushwa tena, safari hii kikadakwa ndani bila ubishi, na mchezo ukaisha. Jioni ileile mtu aliwaonyesha picha ya video kwenye simu: nahodha yule amesimama, macho yake yako kwenye mguu, mguu uko kwenye chokaa ya mstari. Ndani ya basi, wakirudi, hakuna aliyemwita tena kwa jina lake. Akawa Bi Sikuona. Na neno lenyewe likaingia kwenye maneno ya timu. Mtu akila chapati ya mwenzake, akiulizwa, anasema sikuona.

Mwaka huu fainali ilikuwa nyumbani, dhidi ya timu ileile, na nafasi ya kanda ilikuwa moja. Fundi, nahodha wa timu, alikuwa na miaka thelathini na sita na goti lililofungwa bendeji. Hakuna aliyehitaji kumwambia kwamba kama siyo sasa, hatakuwa yeye wa kumfikisha Chapu popote.

Asubuhi ya siku hiyo Kocha aliwakusanya kando ya uwanja wa chuo. Chokaa ilikuwa mpya. Kulikuwa na turubai, kamera moja ya kurusha mchezo mtandaoni, na kitu ambacho hawakuwahi kukiona nyumbani: mshauri wa mchezo aliyeletwa na shirikisho, amevaa kizibao cha rangi ya machungwa. Haamui. Akiulizwa, anasema alichokiona, basi.

"Sikilizeni," Kocha alisema. "Wale kule mnawajua. Chezeni, msiwasemeshe."

"Tukimkuta Bi Sikuona tumsalimie?" aliuliza binti mmoja anayeuza katika duka la dawa, mrushaji wao bora.

"Msalimie kwa karibu, asije akasema hakukuona."

Walicheka kupita kiasi, kama watu wanaoogopa.

Upepo ulivuma kwa kishindo mchana kutwa, ukivuka uwanja kwa mshazari. Kisahani kinachoonekana kinakwenda sawa kilikuwa kinainama njiani na kuzama. Hakuna timu iliyoiacha nyingine kwa zaidi ya pointi mbili. Wakafika kumi na nne kwa kumi na nne, katika mchezo unaoishia pointi ya kumi na tano. Anayefunga pointi inayofuata anakwenda duniani; mwingine anakwenda nyumbani.

Walioanza na kisahani walikuwa timu ya Fundi, wenyeji wa safari hii. Walisogea kwa pasi fupi fupi, wakibana upande uliofichwa na upepo, hadi mbele ya eneo la kufungia. Binti wa duka la dawa alishika kisahani. Mlinzi wake akaanza kumhesabia kwa sauti, maana akifika kumi kabla hajarusha, kisahani kinachukuliwa.

"Moja. Mbili. Tatu."

Fundi alikuwa ndani ya eneo la kufungia, amezuiwa. Chapu alikuwa nje, amezuiwa.

"Sita. Saba."

Chapu akaondoka. Aliyekuwa anamlinda alibaki hatua moja nyuma, na binti wa duka la dawa akarusha chini chini mbele yake, pale ambapo Chapu peke yake angeweza kufika. Upepo ukakikandamiza kisahani. Chapu akajitupa kifudifudi, mikono mbele, kifua kikaburuza nyasi, na alipoinua kichwa kisahani kilikuwa mikononi mwake, ndani ya mstari.

Uwanja ulilipuka. Watu waliingia mbio. Mama, aliyekuwa ameketi chini ya turubai na mwavuli umefungwa mapajani, alisimama bila kujua kilichotokea, akapiga vigelegele kwa kuwa jirani yake alikuwa anapiga.

Mlinzi wa Chapu hakukimbia. Alisimama mahali pake, mkono mmoja juu.

"Kilikuwa chini," alisema.

Ilichukua muda kelele kupungua na watu kurudi nje ya mstari. Chapu alikuwa bado amepiga magoti, amekikumbatia kisahani.

"Nimedaka," alisema.

"Kiligusa kwanza."

"Wewe ulikuwa nyuma yangu! Umeona mgongo!"

"Nimeona kikiruka."

Bi Sikuona alikuja kutoka upande wa pili wa uwanja, akitembea bila haraka, kama inavyotakiwa. Alimuuliza mtu wa kizibao cha machungwa, na yeye akatikisa kichwa: alikuwa upande wa pili, miili ilimkinga. Kamera ilikuwa upande huohuo wake. Bi Sikuona akatazama waliokuwa karibu, akapima kwa macho nani alikuwa wapi, na hatimaye akasimama mbele ya Fundi. Hakuwa na pa kwenda pengine. Fundi alikuwa amesimama mkabala na Chapu, karibu kiasi cha kukirukia kisahani kile yeye mwenyewe, uso kwa uso nacho.

"Nahodha," alisema Bi Sikuona. "Wewe ndiye uliyekuwa karibu. Umeona nini?"

Fundi alikuwa ameona. Ukingo wa mbele wa kisahani ulishuka, ukakunja majani mawili matatu, ukadunda kidogo, ndipo ukaingia vidoleni. Jambo la kufumba na kufumbua. Lakini kazi yake ya kila siku ni kutazama kingo, na alikuwa ameutazama huo.

Majibu yaliyokuwepo ni matatu, na kila mtu uwanjani aliyajua. Amedaka: wameshinda. Kiligusa: kisahani ni cha wageni. Sikuona: kinarudi kwa binti wa duka la dawa, anarusha tena, na Chapu bado ndiye mwenye mbio kuliko wote. La tatu halikuwa hata uongo wa kumwonea mtu. Lingewarudisha nyuma pumzi moja tu. Na mwenye kuuliza alikuwa ndiye aliyelitumia wa kwanza, mbele ya haohao, mwaka mmoja nyuma.

"Dada," alisema Chapu.

Hakumwita Fundi, wala nahodha, kama walivyozoea wakiwa uwanjani. Alimwita kama anavyoita jikoni.

"Sema hukuona!" mtu alipiga kelele kutoka nje ya mstari, na sehemu nzima ya watazamaji ikaangua kicheko. "Muuza miwani, sema hukuona!"

"Walitufanyia," Chapu alisema kwa sauti ya chini. "Na wao walitufanyia, dada."

Bi Sikuona alisikia. Uso wake haukubadilika, ila alihamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine.

Fundi alimtazama mdogo wake. Kulikuwa na jani la nyasi limemnasa kwenye ndevu chache za kidevuni.

"Kiligusa nyasi," alisema.

Kicheko kilikatika.

"Una uhakika?" aliuliza Bi Sikuona, na waliokuwa karibu wanaapa kwamba sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka ajibiwe hapana.

"Kiligusa. Chukueni."

Mchezaji wa wageni alikiokota kisahani, na kwa kuwa kanuni haimpi mtu muda wa kusikitika, mchezo uliendelea palepale. Wageni walikuwa mbali na eneo lao la kufungia, uwanja mzima mbele yao, upepo usoni. Pasi ya kwanza iliyumba. Ya pili ilikaribia kunyakuliwa na binti wa duka la dawa. Kocha alikuwa anapayuka majina kando ya mstari, kila mtu na mtu wake, kila mtu na mtu wake. Na wote walikuwa na watu wao, isipokuwa mmoja.

Chapu alikuwa bado amesimama pale alipoinukia, anamtazama dada yake.

Mlinzi wake wa muda mfupi uliopita, yule aliyeinua mkono, sasa ndiye aliyekuwa wa kulindwa. Alishaondoka. Alikuwa anakata uwanja peke yake, na Chapu alipogeuka na kuanza kumkimbiza, hata mbio zake hazikutosha. Fundi aliona kisahani kirefu kinakuja, akaacha mtu wake, akaruka kwa mguu wenye goti zima, akanyoosha mkono hadi bega likalalamika. Ukingo ulipita kwenye ncha ya kidole chake. Aliusikia. Kisahani kikapita, kikaenda, na mtu wa Chapu akakidaka kwa mikono miwili kama anayepokea sahani ya chakula.

Kumi na tano kwa kumi na nne.

Mchezo huu una desturi isiyomhurumia aliyefungwa. Baada ya kila mechi timu mbili hutengeneza duara moja, mmoja wa huku na mmoja wa kule, mikono mabegani, na manahodha huzungumza. Fundi aliwekewa mkono begani na yule aliyedaka. Chapu hakuingia kwenye duara. Alikaa mbali, anavua viatu.

Wote walingoja kusikia Bi Sikuona atasema nini. Alishukuru kwa mapokezi. Alisifu urushaji wa binti wa duka la dawa. Alisema upepo ulikuwa mkali. Alitazama nyasi muda mrefu, akafumbua mdomo, kisha akasema asanteni sana.

"Hata leo hakuona," Kocha alinong'ona.

Nyumbani, mama aliwaandalia maji ya kuoga kama kawaida na hakuuliza chochote hadi wakala. Halafu akauliza kwa namna yake.

"Sasa yule mtu alidaka au hakudaka?"

"Muulize mwanao mwenye macho," Chapu alisema, akaondoka mezani.

Asubuhi alichukua brashi zake na begi la nguo, akahamia kwa mjomba wake, ndugu wa mama, anayekaa karibu na nyumba aliyokuwa anaipaka. Hiyo ndiyo sababu aliyoitoa.

Video ilitazamwa na mji mzima. Inaonyesha mgongo wa Chapu, vumbi, mikono inayoinuka. Ukiirudia mara nyingi huoni zaidi ya hapo. Ingekuwa afadhali kama ingeonyesha. Hapo lisingebaki neno la Fundi peke yake dhidi ya furaha ya watu wote. Daktari wa macho alipita nyuma ya pazia akamwambia kwamba alichofanya ni jambo la kupigiwa mfano, naye akamshukuru na kuwasha mashine. Wateja walimtania. Mmoja alipopokea miwani yake aliivaa, akatazama huku na huku, akauliza: "Na hii inaonyesha nyasi?" Dada wa mapokezi alicheka kwa kumwonea haya. Siku ile Fundi alisaga lenzi ikapita kipimo, jambo ambalo halikuwa limemtokea kwa miaka, akaitupa kwenye ndoo.

Mazoezini Chapu alikuja, kwa kuwa hakuweza kutokuja. Alirusha, alidaka, alikimbia. Akiwa timu moja na dada yake alimpasia kama anavyompasia mtu yeyote. Hakumsemesha. Na Fundi, ambaye alikuwa na jambo moja tu la kumwambia ambalo lingemnyamazisha kweli, yaani mtu aliyefunga pointi ile alikuwa wa kulindwa na nani, hakulisema. Hakulisema uwanjani, wala kwa mama, wala kwa Kocha, ambaye alilijua.

Kisha shirikisho la kanda likauliza vyama vyote swali moja: mashindano yajayo yawekewe marefa, ndiyo au hapana. Hoja zilikuwa zinafahamika. Nchi zinaongezeka, kamera zinaongezeka, tiketi za dunia zinagombaniwa na watu waliohangaika miaka mingi, na huko ng'ambo ligi ya kulipwa ina marefa wake tayari. Chama kiliitisha mkutano Jumapili mchana kwenye stoo ya Kocha, katikati ya mabomba, masinki mapya yaliyofungwa kwa nailoni, na harufu ya gundi. Watu walikaa juu ya matangi yaliyopinduliwa.

Kila mtu alijua Chapu atasema nini. Wapo waliokuja kumsikia akisema. Walioketi karibu na Fundi walijibana kidogo, wakaacha nafasi kila upande.

Kocha aliwapa watu nafasi. Mmoja alisema bila refa mchezo huu si ule tena waliofundishwa... akajisahihisha, alimaanisha wakiwa na refa. Wakacheka. Mwingine alisema uaminifu ni kitu kizuri sana kwa watu wenye tiketi za kwenda. Hapo hakuna aliyecheka.

Chapu alisimama. Alikuwa na rangi nyeupe kwenye nywele.

"Siku ile niliulizwa kwanza mimi," alisema. "Nikasema nimedaka. Mnakumbuka."

"Tunakumbuka," sauti kadhaa zilimjibu.

"Nilijirusha vizuri. Nimelala chini, ninacho mkononi, niko ndani. Angekuwepo refa angeniamini. Refa angeniamini mimi. Tungekwenda."

"Eeh!" mtu alisema kwa nyuma.

"Na ningekuwa nimekwenda na kitu nilichokisikia kikigusa chini kabla sijakishika. Maana nilikisikia. Kilinigonga vidole kikitokea chini, hakikutokea juu. Halafu nikasimama kama nguzo, nikamwacha mtu wangu akaenda kufunga. Hilo hakuna mtu aliyenisema. Basi. Refa mimi simtaki."

Akakaa. Ndani ya stoo kulisikika bomba mahali fulani likidondosha maji, jambo la aibu kwa mwenye stoo, lakini hakuinuka.

Wakapiga kura kwa mikono. Wasiotaka marefa wakanyoosha, Chapu wa kwanza, na Kocha, na binti wa duka la dawa. Wanaotaka wakanyoosha. Walikuwa wengi kuliko ilivyotarajiwa, na Kocha alipopitisha kidole juu ya vichwa akiwahesabu, kidole kilisimama. Mkono wa Fundi ulikuwa juu.

"Fundi," alisema. "Tunahesabu wanaotaka."

"Najua."

"Wanaotaka refa."

"Kocha, nimesikia. Hesabu."

Ndiyo ilipita. Mashindano yajayo ya kanda, chama kitaunga mkono vipenga.

Nje jua lilikuwa limelegea. Fundi alitoka akichechemea kwa ajili ya goti, akashika njia ya nyumbani kandokando ya ukuta wa chuo. Nyuma yake akasikia viatu. Anavijua viatu vile tangu vikiwa vidogo.

"Wewe umenyoosha mkono?"

Hakugeuka. "Nimenyoosha."

"Baada ya yote yale? Mimi nimesimama mbele za watu, nimejivua nguo, wewe unanyoosha mkono?"

"Nani alikutuma?"

"Nilikuwa nakutetea!"

"Sikukuomba. Sitaki kutetewa. Nataka siku nyingine mtu akilala chini na kisahani, aulizwe mtu wa mshahara. Asiulizwe dada yake."

"Na refa akikosea?"

"Akikosea atakwenda kulala kwao. Hatakuwa na mdogo wa kuhamia kwa mjomba."

Walitembea. Chapu alikuwa ameshamfikia, halafu akampita, halafu akapunguza mwendo, kwa kuwa hajui kutembea taratibu.

"Mbona hukuniambia?" aliuliza. "Kwamba nilimwacha mtu wangu. Wiki zote hizi nangoja uniambie."

"Ulikuwa hujui?"

"Nilikuwa najua."

"Sasa nikuambie nini?"

"Uniambie! Nipate la kukujibu! Nimekaa kule kwa mjomba najijibu peke yangu, mjomba mwenyewe anakoroma kama mashine ya kukoboa."

Kicheko kilimtoka Fundi puani, akakizuia. Alikuwa bado na hasira naye, kwa ajili ya neno lile la mezani.

"Nilikuahidi," alisema baadaye kidogo. "Hilo ndilo linaloniuma. Nilikuahidi, nikakunyima mwenyewe kwa mdomo wangu."

Chapu alipiga teke kijiwe, kikaenda kugonga ukuta.

"Yule kocha wa ng'ambo nimemwambia hatukupita," alisema. "Akasema kuna mwaka mwingine. Nikamwambia mwaka mwingine kutakuwa na refa... hapana, leo ndiyo nitamwambia hilo. Kwa mkono wako."

"Mwambie."

"Nitamwambia dada yangu amechoka kuona."

"Mwambie hivyohivyo."

"Siyo haki, lakini."

"Nini siyo haki?"

Wakaanza upya, kuanzia kwenye upepo. Kama binti wa duka la dawa angerusha juu kidogo. Kama Fundi angekuwa nje ya eneo. Kama refa angesimama upande gani, na je, refa naye angeuona ukingo, na kama asingeuona angesema nini. Walibishana hivyo hadi kona ya nyumbani, mmoja akisimama ili aonyeshe kwa mikono, mwingine akimvuta waendelee kutembea, na walipokaribia lango walikuwa wanapigiana kelele wote wawili kwa wakati mmoja.

Mama alikuwa jikoni, mlango wazi. Alizisikia sauti zikija barabarani, akazisikiliza kidogo ahakikishe kwamba ni mbili. Kisha akaongeza sahani ya tatu mezani.